Gereji ya mkono na gereji ya macho

Giza lilikuwa limeshaingia na mi nilikuwa nachonga nafasi ya bawaba kwenye ubavu wa mlango, patasi kushoto nyundo kulia, mdogo wangu akachomeka kompresa kwenye soketi ya pale mlangoni akawasha. Paap. Gereji nzima giza.

Aliyewahi kuwasha kompresa anajua kwanini. Mota inapoanza tu inavuta umeme mara kadhaa ya ule inaotumia ikishachanganya, na sisi tulikuwa na saketi moja kwa taa na soketi zote, kwa hiyo breka ikatripu na kila kitu kikafa pamoja.

"Kaka, ni mimi hiyo," nikasikia kutoka mlangoni.

"Usitembee. Baki hapohapo."

Maana sakafuni kulikuwa na vipande vya mbao, waya wa ekstensheni, na mi nimeshika chuma chenye makali. Simu ilikuwa ndani inachajiwa. Basi angalia kilichotokea. Mkono wangu ukairudisha patasi kwenye tundu lake, kile kibao chenye matundu kilichopigiliwa ukingoni mwa meza, bila kupapasa hata kidogo. Nyundo ikaenda kulala pembeni ya jiliwa, kile kibanio cha chuma kilichofungwa mezani. Nikashika mpini wa jiliwa nikajua nimeelekea wapi. Halafu nikaanza kutafuta tochi.

Tochi ilikuwa na mahali pake rasmi kabisa. Boksi la plastiki, mfuniko wa kijani, lebo ya herufi kubwa TAA NA TOCHI, shelfu ya tatu. Nilipapasa maboksi yale mpaka nikachoka, yote umbo moja, yote mfuniko mmoja, na lebo gizani haisomeki. Mwishowe mdogo wangu ndo alitembea kwa kushika ukuta mpaka kwenye breka.

Umeme ukarudi, tukacheka, kazi ikaendelea.

Lakini wiki zilizofuata lile jambo lilinikaa kichwani nikawa nalitafuna kila nikiingia mle ndani. Kwanini mkono ulijua sehemu za vitu vitatu tu kati ya mamia? Na kwanini vitu vile vitatu ndo vilevile ambavyo hakuna siku niliyokaa chini nikapanga vikae wapi? Patasi ilienda pale kwa sababu pale ndipo mkono unapoishia. Nyundo hivyohivyo. Vile nilivyovipangia, kwa lebo na maboksi ya kufanana na raha ya kupiga picha baada ya kumaliza, vile ndo vilinitoroka.

## Mpango wa dukani

Gereji yetu ilikuwa imepangwa kwa aina. Bisibisi na bisibisi wenzake, spana droo moja, rangi na brashi kabati moja, vitu vya umeme boksi lao. Ukiingia unaona nidhamu.

Ndivyo duka linavyopangwa, na dukani ina maana, kwa sababu anayeingia amekuja kuchagua. Anataka aone bisibisi zote kwa pamoja alinganishe. Sasa mi nyumbani kwangu sichagui bisibisi. Nimekuja kukaza bomba linalovuja, na bomba linalovuja linataka spana ya kurekebisha, tepu nyeupe ya kuzungushia nyuzi za bomba, tambara, ndoo na washa mpya, kile kipete cha kuzibia. Vitu vitano, kwenye mpango wa dukani viko sehemu tano.

Siku moja tulikata mbao nyingi na hatukufagia. Vumbi la mbao likatanda sakafu nzima, jembamba, jeupe. Kesho yake mdogo wangu akafanya breki za gari lake asubuhi, na nilipoingia mchana njia zake zote zilikuwa zimeandikwa chini. Kutoka kwenye tairi la mbele hadi droo ya spana kulikuwa kumesafishika kabisa, saruji tupu, amepita na kurudi na kupita. Njia nyingine ya kwenda kwenye kabati la brashi, maana breki zinataka brashi ya waya. Nyingine hadi kona ya mwisho kabisa kwenye stendi za kuwekea gari, ambazo tulizificha nyuma ya ngazi kwa sababu ni nzito na mbaya kuangalia.

Hapo nilisimama sana. Stendi ndo kitu cha kwanza mtu anapaswa kukigusa akishainua gari kwa jeki, maana jeki peke yake haitoshi kumwamini nayo mtu chini ya gari, sili ya mafuta ikiachia gari linashuka na halikuulizi. Na sisi tulikuwa tumeziweka mbali kuliko kitu chochote. Ukichoka, ukiwa na haraka, ukisema ah natazama tu mara moja, umbali ule ndo unaoamua kama utazifuata au la.

Kwa hiyo stendi zikahamia pembeni ya jeki, na sheria ikawa jeki haitoki bila stendi kutoka nayo. Ndicho kitu cha kwanza nilichobadilisha, na ningekuwa na nguvu ya kubadilisha kimoja tu ningebadilisha hichohicho.

## Mwashi aliyehesabu mikono

Kulikuwa na bwana mmoja Marekani aliitwa Frank Gilbreth, alianza kujifunza uashi mwaka 1885 akiwa kijana. Alichokigundua ni kwamba kila fundi aliyekuwa anamfundisha alikuwa na mwendo wake, na fundi huyohuyo akiwa taratibu anafanya hivi, akiwa na haraka anafanya vile, na akimfundisha mwanafunzi anafanya namna ya tatu kabisa. Gilbreth akaanza kuhesabu mwendo mmoja mmoja wa kuweka tofali. Alikuta 18. Akapunguza hadi kama 5.

Sasa alipunguzaje? Hakuwaambia watu waharakishe. Alitengeneza jukwaa lenye kimeza cha tofali na udongo wa kujengea kwenye usawa wa kiuno, linapanda kadiri ukuta unavyopanda, kwa sababu kabla ya hapo fundi alikuwa anainama hadi miguuni kwa kila tofali, anainua mwili wake mzima ili kuinua tofali moja. Na tofali zikapangwa na vibarua mapema, uso mzuri ukiwa umeshageuzwa upande unaotakiwa, ili fundi asizigeuzegeuze mkononi. Kutoka tofali 120 kwa saa wakafika 350.

Kilichonishika hapo ni kwamba fundi alibaki yuleyule. Kilichosogea ni tofali.

Nikaanza kupanga gereji kwa kazi badala ya aina. Trei ya breki ina kila kitu cha breki. Trei ya bomba. Trei ya umeme ina bisibisi ya kupimia, koleo, tepu nyeusi, viunganishi. Unabeba trei moja unaenda nayo hadi kwenye kazi, ukimaliza unarudi nayo, na tundu tupu kwenye trei linakwambia umesahau kitu chini ya sinki.

Mashaka yakaja hapohapo. Bisibisi ya nyota inatakiwa kwenye trei ya umeme, trei ya breki, na mezani. Ninunue tatu? Nilizunguka na hili swali muda mrefu kuliko lilivyostahili. Jibu nililofika, na wengine watabisha, ni kwamba kifaa kidogo cha kila siku acha kiwe vingi, penseli, futi, kisu cha kukatia, bisibisi ya nyota, viwe kila mahali unapoweza kusimama. Kifaa kikubwa au cha usahihi, vernia kwa mfano, ile ya kupimia unene, kiwe kimoja chenye makao mamoja, na ukifuate. Penseli ndo mfano mzuri kuliko wote kwa sababu hakuna anayekosa penseli, watu wanakosa penseli pale waliposimama na mkono mmoja umebana ubao.

## Meza

Meza ya kwanza tuliirithi kutoka chumba kingine na ilikuwa fupi na pana. Yote mawili mabaya.

Upana kwanza. Meza ikizidi kama sentimita 60 kwenda ndani na imeegemea ukuta, kile kipande cha nyuma mkono haukifikii bila kulala juu ya kazi, kwa hiyo kinageuka makaburi ya vitu. Makopo ya skrubu, kipande cha bomba, remoti ya kitu ambacho hamkumbuki. Watu wanadhani wakiongeza meza watapata nafasi, kumbe wanaongeza mahali pa kuweka vitu chini "kwa muda". Mi nilikata meza. Niliipunguza ikawa nyembamba zaidi na kazi zangu zikapata nafasi zaidi, najua inavyosikika.

Urefu sasa. Hakuna urefu mmoja sahihi na hili linakera kila anayejenga meza. Kupiga randa, kupiga tupa, kugonga, zinataka meza ya chini, sentimita 20 hadi 40 chini ya kiwiko, ili mabega na mgongo visukume. Kazi ndogondogo za macho, kuchomelea waya kwenye sakiti, kuweka alama za bawaba, zinataka kitu juu kidogo ya kiwiko, la sivyo shingo inakunjama na jioni unalalamika godoro baya. Wengi wanachagua usawa wa kifundo cha mkono ukiwa umesimama mikono imening'inia, ni makubaliano ya katikati yanayofaa.

Nilichofanya ni meza ya urefu huo, plaiwudi mbili za milimita 18 zimegundishwa na kupigwa skrubu kwa chini, halafu kiboksi kizito cha mbao cha kupandisha juu ya meza kikiwa na klampu zake, kwa zile kazi za karibu na macho. Kisipotumika kinakaa chini ya meza na ndani yake kuna vitu vya kuchomelea waya. Ndo kitu nilichokijenga kwa muda mfupi kuliko vyote na kinatumika kuliko vyote.

Jiliwa likafungwa juu ya mguu wa meza, maana ukilifunga katikati ya mbao kila pigo la nyundo meza inacheza na nguvu inapotelea humo.

## Taa

Hapa sichelewi. Fundi umeme akaja akatenganisha saketi, taa zake na soketi zake. Hili watu wanaliona la ziada lakini fikiria msumeno wa umeme unakata, unaelemewa, breka inatripu, taa zinazimika nazo, na diski bado inazunguka kwa sekunde kadhaa mbele ya vidole vyako usivyoviona.

Taa moja katikati ya dari inakutupia kivuli chako mwenyewe juu ya kazi kwa sababu meza iko ukutani na wewe uko kati. Mbili za LED, moja kila upande juu ya ukingo wa meza, kivuli kinakufa. Kwa meza ya kazi watu wanapendekeza kama lux 500, lux ni kipimo cha mwanga unaofika juu ya kazi, kazi ndogo zaidi ya hapo, ila badala ya kuhangaika na vipimo ongeza kijitaa cha mkono unaokunjika, ukikisogeza nusu ya umbali mwanga unakuwa mara nne. Na kama bado una zile tyubu za zamani zenye chuma kizito ndani, kwenye umeme wa hezi 50 zinapepesa mara 100 kwa sekunde, jicho halioni, lakini kitu kinachozunguka kwa kasi fulani kinaweza kuonekana kimesimama. Juu ya mashine ya kunolea sizitaki.

## "Inakuhitaji wewe"

Baada ya mambo haya nilikuwa najisikia vizuri sana. Naingia, naanza kazi. Nikajiambia kipimo cha gereji ni muda kati ya kufungua mlango na kukata kipande cha kwanza, na huo muda ulikuwa umeshuka hadi karibu sifuri.

Halafu mke wangu akaingia kutafuta bisibisi mi sipo.

Niliporudi nilimkuta amekaza skrubu ya kiti kwa ncha ya kisu cha jikoni. Nikamuuliza kwanini, mbona bisibisi ziko tatu.

"Baba, ziko wapi?"

"Moja iko kwenye trei ya umeme, moja ya breki, moja iko palepale chini ya ukingo wa meza, mkono wa kulia."

"Mi nijue vipi? Hiyo gereji yako nzuri, ila inakuhitaji wewe uwepo ndo ifanye kazi."

Sikuwa na jibu. Zamani, kwenye mpango wa dukani, angefungua droo ya bisibisi akaipata. Mpango uliokuwa mbaya kwangu ulikuwa mzuri kwake, kwa sababu yeye anaingia mara chache, mkono wake haujajifunza chochote mle ndani na hauna sababu ya kujifunza. Yeye anatumia macho. Mdogo wangu yuko katikati, anajua upande wa gari na upande wa mbao ni mgeni kabisa.

Hili ndo lilinisumbua kuliko lile la giza. Nilikuwa tayari kuandika kwamba panga kwa ajili ya mkono basi, mwisho wa habari. Kumbe nyumba ina mikono mingi.

Kwenye matengenezo ya ndege wana utaratibu ambao sehemu nyingine wanautumia pia. Kila kifaa kina umbo lake limechorwa ubaoni au limechongwa kwenye sponji la trei, kifaa kikitoka umbo linabaki linakutazama, na ndege hairuhusiwi kuondoka mpaka kila umbo limejaa, maana spana iliyosahaulika ndani ya injini inaweza kuangusha watu. Kwetu hakuna anayeanguka, lakini lile wazo la umbo ndo lilitoa jibu la ugomvi wetu. Umbo halihitaji uzoefu. Mtoto anaelewa. Mgeni anaelewa. Na linafanya kazi mbili, linaonyesha kitu kiko wapi na linaonyesha kitu hakipo, wakati lebo kwenye boksi lililofungwa haikwambii lolote kuhusu kilichomo leo.

Basi ukuta wa karibu na mlango wa kuingilia ndani ya nyumba ukawa wa macho. Plaiwudi imepakwa rangi nyeupe, vifaa ambavyo kila mtu anavitafuta, nyundo ya kawaida, bisibisi mbili, koleo, futi, pima maji, msumeno wa mkono, spana ya kurekebisha, na tochi. Kila kimoja kivuli chake kimechorwa kwa rangi nyeusi. Vimening'inizwa kwa fito zilizopasuliwa kwa nyuzi 45, moja imepigwa ukutani mdomo juu, nyingine nyuma ya kishikio mdomo chini, zinaumana kwa uzito wenyewe na ukitaka kuhamisha unanyanyua tu, hakuna kutoboa upya. Nilikawia kuchora vivuli kwa makusudi. Kwanza vikae kwa tepu ya karatasi, tuone mikono ya watu inarudisha wapi, ndo tuchore. Koleo lilihama lenyewe mara kadhaa kabla halijatulia.

Na upande wa meza ukabaki wa mkono wangu, bila vivuli, bila lebo. Mke wangu anauita upande wa giza.

Mpaka kati ya hivyo viwili bado unaliwa taratibu, lazima niseme. Nyundo ya ukutani inahamia mezani, mi ndo naihamisha, na kivuli chake kinanisema mbele ya watu.

## Vitu vya kuogopa

Kuna kundi la tatu ambalo haliendi kwa mkono wala kwa macho. Hivi vitu vina sheria zao na havijali unapenda vikae wapi.

Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, mara tatu hivi. Unashuka, unatambaa sakafuni, unakusanyika kwenye mashimo na pembe, na petroli inatoa mvuke unaoweza kushika moto hata kwenye baridi ya nyuzi 40 chini ya sifuri, kwa hiyo usiseme leo kuna ubaridi. Cheche yoyote ya chini, mota, swichi, hita, ni hatari. Betri ya gari ya asidi ikichajiwa inatoa haidrojeni, hiyo ni kinyume, inapanda darini, na ikifika asilimia 4 ya hewa inaweza kulipuka. Kwa hiyo una kimoja kinachotafuta sakafu na kingine kinachotafuta dari, na wewe na grinda yako mnatoa cheche katikati. Petroli yetu ikatoka kabisa, inakaa nje kwenye kichanja chenye kufuli. Betri inachajiwa mlango ukiwa wazi na chaja inazimwa kwanza kabla ya kuchomoa vibanio.

Matambara yenye mafuta ya linsidi, yale ya kupakia mbao, watu hawaamini nikiwaambia. Yale mafuta yanakauka kwa kuungana na oksijeni na kitendo hicho kinatoa joto. Tambara lililotandazwa linapoa. Tambara lililofinyangwa na kutupwa kwenye ndoo na wenzake linatunza lile joto, linapanda, linapanda, linawaka lenyewe masaa baadaye mko mmelala. Hakuna aliyewasha kitu. Tandaza nje moja moja mpaka yawe makavu na magumu, au tia kwenye kopo la chuma lenye maji na mfuniko.

Na gari lisiungurume ndani, hata mlango ukiwa wazi, hata "dakika moja tu nipashe injini". Kaboni monoksidi haina harufu na damu inaipenda zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Kama gereji imeshikana na nyumba inapita hadi vyumbani.

Kidogo hiki pia, ekstensheni ya kuzungushia kwenye pipa, ukiwashia kitu kikubwa ifungue yote. Ikiwa imeviringwa joto halina pa kwenda na plastiki inaanza kuyeyuka kwa ndani usikokuona.

Kwenye haya mambo sikutafuta maoni ya familia.

## Kutu

Vyuma vinashika kutu upesi unyevu wa hewa ukipita kama asilimia 60, na gari likiingia limelowa mvua linaleta maji yake ndani na mlango unafungwa. Usiku chuma kinapoa, asubuhi hewa ya joto inaingia, umande unakaa juu ya patasi. Mafuta mepesi kwa tambara, basi, na vile vya makali vikae ndani ya droo badala ya hewani. Tenki la kompresa nalo lifunguliwe koki ya chini baada ya kazi maji yatoke, linaoza kwa ndani.

Kabla ya kupaka epoksi, ile rangi ngumu ya sakafu, bandika kipande cha nailoni cha sentimita 45 kila upande, ziba kingo zote kwa tepu, acha siku nzima. Ukikuta matone chini yake, saruji inapumua maji na epoksi itabanduka. Kwetu yalikuwepo. Sakafu ikabaki saruji tupu na imetuepushia kazi kubwa.

## Viporo

Nilidhani nimemaliza. Kila kitu kilichobaki kwenye njia sasa hakikuwa kifaa wala mbao wala rangi. Nilipokiangalia vizuri zilikuwa kazi ambazo hazijaisha. Feni iliyofunguliwa. Kiti chenye miguu mitatu. Redio ambayo skrubu zake ziko kwenye kikombe fulani. Mlango wa kabati uliopakwa rangi upande mmoja. Hakuna mpango wa mkono wala wa macho unaojua viweke wapi, maana makao yao si humo, wanapita, ila wamepita kwa mwaka mzima.

Vitu vya namna hii ukiviwekea shelfu nzuri unavikaribisha. Shelfu ya viporo inajaa, mnaongeza ya pili. Ukiviacha mezani vinaua meza. Nikajaribu kila kimoja kiwe na trei yake yenye skrubu zake zote na kikaratasi kinachosema kimekwama kwa sababu gani, na hicho kikaratasi ndo kilifanya kazi ambayo sikutegemea. Kuandika "kinasubiri kapasita" ni rahisi, unaenda kuitafuta. Ila kwenye kile kiti nilishika kalamu nikakosa cha kuandika. Hakikuwa kinasubiri kitu. Mbao ipo, gundi ipo, klampu zipo. Nilikuwa sikitaki tu, na sikutaka kusema sikitaki kwa sababu alikitengeneza mjomba.

Nikampigia mjomba.

"Kile kiti?" akacheka. "Mwanangu, mi nilidhani ulishakichoma zamani. Miguu ile niliikata vibaya tangu mwanzo."

Kiti kikawa vipande vya mbao, na vipande vya mbao vina sheria yao, kilicho kifupi kuliko mkono kutoka kiwiko hadi ncha za vidole kinatoka, isipokuwa mbao ngumu. Isipokuwa hiyo ndo tundu ambalo kila kitu kinapitia kurudi, nalijua, naliacha.

Trei za viporo sasa ni nne na hakuna ya tano. Kinachotaka kuingia kinasubiri kimoja kitoke.

Kilichobaki ni baiskeli. Mke wangu anataka zining'inie darini juu ya boneti, mi naogopa pale, ndoano zinatakiwa zishike boriti yenyewe na boriti zetu zimekaa upande usiofaa. Nataka ziende ukutani, ila ukuta wenye nafasi ni ule wa vivuli na huo hauguswi, tumeshakubaliana. Mdogo wangu anasema suluhisho tunaliona wote tunajifanya hatulioni, gari nililopaki mle ndani likae nje. Linakula nusu ya sakafu, linaleta maji, linaleta moshi, na likitoka hata ile hofu ya petroli inapungua. Hesabu yake sijaipata kasoro hata moja. Ila ni rahisi kwake kusema, lake linalala nje tangu alinunue na limeshapauka rangi yote ya juu.